Roboti Isiyofunguka

Roboti ilianguka Ijumaa jioni, mbele ya nyumba nzima, na aliyeiangusha alikuwa kuku. Kuku wa jirani aliingia mlangoni kama mwenye nyumba, akarukia meza, na kile kitu ambacho Bora alikuwa akikijenga tangu mvua za kwanza kikayumba, kikakanyaga hewa, kikaenda chini. Kililia kama sufuria ya maharage makavu iliyomwagwa sakafuni. Vipande vikaingia chini ya kitanda, chini ya cherehani, hadi ndani ya viatu vya kanisani vya baba mwenye nyumba.

"Yesu wangu!" Jeannette aliacha gauni la mteja chini ya sindano. "Bora, mutoto wangu, imekufa?"

"Haikufa, mama. Imefunguka tu." Bora alikuwa amekwisha kupiga magoti, anaokota. "Iko vile. Inafunguka, unaifunga tena."

Mulenda, babake, alisimama mlangoni na msumeno wake begani. Alikuwa seremala mkimbizi kutoka Fizi, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, na hayo machache nayo mara nyingi hayakuwa matamu.

"Kintu ya kufunguka-funguka njo utapeleka mbele ya bantu ba Lilongwe? Kuku ameipiga bawa moja, imekuwa takataka. Kule banaweza kukohoa tu, ikaanguka."

"Papa, haikuanguka yenyewe."

"Meza yangu kuku anaipandaka kila siku. Uliona imefunguka?"

Bora aliviweka vipande kwenye beseni, vitofali vya plastiki vya kuchezea, vile vinavyobanana kwa vichwa vyao vya duara, vyekundu na vya kijivu, pamoja na mihimili yenye matundu, gia, na mota mbili zisizozidi boksi la kiberiti kwa unene. Vyote vilikuwa mali ya kituo cha vijana pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mwalimu Nibigira alikuwa amemwazima kwa neno moja tu: virudi kama vilivyotoka. Yeye ndiye aliyemfundisha kutojenga mnara. Jenga ukuta, alimwambia, tofali likalie kiungo cha matofali mawili, nyayo ziwe pana, na gia ndogo iisukume kubwa ili nguvu izidi mbio. Bora alifuata, na roboti ikasimama hadi kwenye goti la mtu mzima, ikatembea kwa kuburuta nyayo zake kama mzee wa kanisa anayekwenda kutoa sadaka.

Jumatatu ilikuwa siku yenyewe. Chuo kimoja cha ufundi mjini Lilongwe kiliita vijana waliojenga roboti, na sita kati yao wangechukuliwa kusoma bure, walale bwenini, na chuo chenyewe kiwaombee ruhusa ya kukaa mjini. Kwa mtoto wa Dzaleka ruhusa hiyo ni mlango, na milango ya namna hiyo haigongwi mara mbili. Bora alikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Mwakani angekuwa amepita umri.

Haikufika saa moja, roboti ilikuwa imesimama tena mezani, nzima. Jeannette alipiga makofi. Mulenda alitoka nje kwenda kumfukuza kuku, ambaye alikuwa amekwisha kujiondokea.

Nyuma ya nyumba, chini ya turubai, kulikuwa na rundo la mbao. Zilikuwa kabati, benchi la kazi na kitanda kikubwa, siku walipokuwa wakiishi mtaa wa Kawale, mjini Lilongwe, na Mulenda ana karakana. Amri ilipotoka kwamba wakimbizi wa mjini warudi kambini, alivifungua vyote kwa mikono yake mwenyewe asubuhi moja, akatia bolti kwenye mfuko wa unga ili zisipotee. Mfuko ukapotea. Mbao hazikuungana tena, na Mulenda hakuwahi kuzigusa wala kumruhusu mtu azichome.

Mtu wa namna hiyo usimwonyeshe kitu kilichofunguka.

*

Jumapili Jeannette na Bora walikwenda kanisani na kubaki huko kwa mazoezi ya kwaya. Mulenda alisema mgongo unamuuma. Mgongo haukuwa na neno lolote.

Roboti ilikuwa tayari kwenye katoni. Bora alikuwa ameifunga Jumamosi, akasema hataigusa tena mpaka Lilongwe, maana Mwalimu Nibigira alimwambia aipumzishe mikono. Mulenda akaitoa polepole, akaipakata. Akaigeuza, akaikagua kama anavyokagua kiti cha fundi mwingine, akitafuta kosa. Hakuliona. Viungo vilipishana safu kwa safu, mihimili imekaza kifua kwa pembe, uzito wote uko chini. Mtoto alijenga vizuri. Mulenda alijua hilo kwa vidole kabla ya kulijua kwa macho, na akajisikia vibaya kwamba hajawahi kumwambia.

Angemwambia. Lakini wako watu ambao neno zuri likiwafika mdomoni hugeuka kazi ya mikono. Alikuwa na kichupa cha supa glu, ile ya soli za viatu. Akabandua safu ya kwanza, akadondosha tone kila pembe, akaibana kwa vidole mpaka ikashika. Safu ya pili vilevile. Kifua, mabega, kichwa, miguu, mpaka kichupa kikaisha. Mota hakuzigusa, wala gia, wala vyuma vinavyozunguka, wala magurudumu madogo ya chini ya nyayo, wala boksi la betri lenye kifuniko. Seremala hapaki gundi kwenye bawaba.

Alipomaliza aliitikisa kwa nguvu. Haikutoa hata mlio. Akatabasamu peke yake mle ndani, akairudisha kwenye katoni, akafunga kamba vilevile alivyoikuta. Alitaka Bora aone kesho mbele za watu, roboti inapigwa kikumbo na haifunguki, ageuke amwangalie baba yake.

"Humu kuko harufu ya nini?" Jeannette aliuliza aliporudi, kabla hata hajavua kitambaa cha kichwa.

"Viatu. Nimebandika soli."

"Ile viatu yenye haina shida?"

"Mama Bora, we uliimba muzuri leo?"

Jeannette alimtazama, akacheka, akaenda kusonga ugali.

*

Kibali cha kutoka kambini kilikuwa na majina mawili, la Bora na la baba yake, na siku moja. Walipanda kabaza mbili, baiskeli za kubeba abiria, hadi barabara kuu, Bora kakumbatia katoni nyuma ya baiskeli, kisha wakapata matola, pikapu ya mahindi iliyochukua watu juu ya magunia. Jua lilikuwa linachomoza, upepo unakata masikio. Bora alikuwa na furaha ya kuongea, jambo ambalo halikuwa kawaida kati yao.

"Papa, mi kutembea kwake sina woga nayo. Itatembea. Kwenye nitabashindia ni kufungua."

"Kufungua nini?"

"Roboti. Bajuji, bale benye kuamua, banasema: fungua yote, piesi kwa piesi, alafu jenga tena mbele yetu. Juu bajue ni we ulijenga, si mwalimu, si baba yako. Kuko batoto ba mashule ya bei, banajengewaka. Mi naweza kuifungua na macho imefungwa."

Mulenda alishika ukingo wa pikapu. Magunia yalikuwa yaleyale, barabara ileile, lakini alihisi kitu chini yake kimeondoka.

"Yote? Piesi yote?"

"Yote. Yenye haifunguke haihesabiwe."

"Mbona hukuniambia hiyo?"

Bora alimgeukia, bila ukali wowote. "Papa, uliniuliza lini?"

Hapo ndipo angesema. Mdomo ulikuwa wazi, neno limekaa kwenye ulimi, na akalimeza. Akajiambia atasema wakifika mjini. Akajiambia labda gundi haikushika vizuri, ni gundi ya bei ndogo. Fundi mzima anaomba kazi yake iwe mbaya!

Kwenye kizuizi cha barabarani polisi waliteremsha abiria. Askari kijana alisoma kibali, akakigeuza, akakisoma na nyuma ambako hakukuwa na kitu. Kisha akagonga katoni kwa kidole.

"Humu mna nini?" aliuliza kwa Kichewa.

"Roboti, bwana," Bora akajibu. "Ya mashindano."

Askari aliitoa, akaipima mkononi, ikaonekana nzito. "Na ndani ya tumbo mna nini? Fungua."

"Ndiyo, bwana. Ni rahisi."

"Hakuna kintu ndani!" Mulenda alisema kwa sauti kubwa mno, tena kwa Kiswahili. Abiria wote wakageuka. Askari naye akageuka, na sasa uso wake ulikuwa umebadilika.

"Fungua," alirudia.

Bora aliweka kidole mahali pake, chini ya bega, akabinya na kuvuta. Akavuta tena. Akabadilisha mkono. Akaiweka chini kwenye lami, akaibana kwa magoti, akatia kucha kwenye kiungo, kucha ikakatika. Kisha akainama akanusa. Alinyanyua tu uso akamtazama baba yake, na Mulenda akaangalia magunia.

"Haifunguki?" askari akauliza.

"Haifunguki, bwana," Bora alisema polepole.

Askari aliitikisa sikioni, akaipiga ngumi mara mbili. Mwenzake mtu mzima akaja, akamulika kwa tochi ya simu kupitia matundu ya mihimili, akacheka. "Mwachie mtoto mwanasesere wake. Imara huyu! Nani kamjenga?"

Toka hapo hadi Lilongwe Bora alikaa na katoni mapajani, uso ameugeuzia barabara waliyoiacha, na Mulenda alikaa kando yake akitamani wamrudishe kizuizini wamfungie.

*

Matola iliwashusha Old Town, mbele ya maduka ya jumla. Watu walikuwa wanapakua mafuta na sabuni, mikokoteni inapita ikipiga kelele. Bora aliiweka katoni kwenye baraza la duka moja la vyombo, akakaa kando yake.

"Ni kole? Ile gundi ya viatu?"

"Ni kole."

"Yote?"

"Ile yote nilifikia."

"Juu ya nini, Papa? Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea kintu." Mulenda alibaki amesimama. "Nilisema itaanguka tena. Nilisema bantu batakuchekelea, ile piesi inakimbia chini ya meza ya bantu, unaiokota na magoti. Nilikuwa nakusaidia."

"Inafaa kufunguka! Njo uzuri yake! Njo kitu moja najua kushinda bantu bote!" Na hapo Bora akalia, kwa sauti, bila kujifunika uso, kama alivyokuwa akilia alipokuwa mdogo. Wachuuzi walitazama.

"Mi kila kintu nilifungua haikurudi," Mulenda alisema. "We unajua. Unaonaka zile mbao. Kila kintu, Bora."

Alikuwa hajawahi kulisema hilo kwa mtu, hata kwa mkewe. Bora alilisikia, lakini kwa wakati ule hakuwa na nafasi ya kumhurumia mtu mwingine.

Mlinzi wa duka alikuja na fimbo yake. "Mzee, msikae hapa. Wateja wanapita." Mulenda alinyanyua katoni. Kupitia kioo aliziona rafu za duka, za mkangazi, zenye kona za mviringo. Alizitengeneza yeye, mwaka wa mwisho wa Kawale, na mwenye duka alimpa mkono akamwita fundi. Mwenye duka alikuwa pale ndani, akatazama nje, akatazama kwingine.

"Turudi nyumbani," Mulenda alisema. "Nitaongea na Mwalimu Nibigira. Nitamulipa vitofali vyake."

"Permi ni ya leo tu. Na mwaka yenye inakuya mi ni muzee." Bora alipangusa uso kwa mkono wa sweta. Kisha akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Ni wapi hukuweka kole?"

"Kwenye kunazunguka. Bawaba haiwekwake kole."

"Motere?"

"Hapana."

"Gia? Magurudumu ya chini ya nyayo? Betri?"

"Zile sikugusa."

Bora alifungua katoni, akachungulia. Pembeni kulikuwa na mfuko wa vipande vya akiba, mihimili michache na vitofali vya kujaa viganja viwili. Akavimwaga kwenye sketi yake, akavitazama mpaka mlinzi aliporudi mara ya pili.

*

Ukumbi wa chuo ulikuwa upande wa kuelekea Capital Hill, kwenye ofisi za serikali, na magari yaliyoegeshwa mlangoni yalikuwa ya watu wa ofisi. Binti wa mapokezi alimpa Bora kadi ya shingoni, akamwambia Mulenda kwa heshima kwamba madereva wanasubiri nje chini ya kivuli.

"Ni papa yangu," Bora alisema kwa Kiingereza.

"Oh! Samahani sana."

Walipewa meza ya nyuma, karibu na mlango wa choo. Mbele yao vijana wa shule za kulipia walikuwa wamevaa fulana zinazofanana, na roboti zao zilikuwa na macho yanayowaka. Bora alikuwa na sweta la shule na kucha moja iliyokatika.

Duru ya kwanza ilikuwa kutembea. Roboti ya Bora ilitembea kutoka ukingo hadi ukingo bila kuyumba, imara kama kabati, na mtu mmoja akapiga makofi. Mulenda aliyasikia makofi hayo, yakamchoma. Ndiyo yaleyale aliyoyangoja.

Kisha mwamuzi mkuu akasimama. Alikuwa mhandisi, mama mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, wanamwita Madamu Chirwa. "Sasa fungueni. Kila kipande. Kengele ikilia tena, roboti iwe imesimama upya na imebeba mzigo." Mzigo ulikuwa pakiti ya chumvi, nusu kilo. Ungevushwa meza mbili zilizounganishwa.

Bora alinyoosha mkono kabla mtu yeyote hajagusa chombo chake.

"Yangu haifunguki, Madamu. Imepakwa gundi."

Kicheko kikaanzia mbele kikaja nyuma. Madamu Chirwa alikuja mpaka kwenye ile meza, akaijaribu mwenyewe kwa vidole.

"Unajua sheria. Nani alipaka?"

Bora aliangalia meza. Angeweza kusema yeye. Mulenda aliona mdomo wake ukitaka kusema yeye, na hilo lilimshinda. Akasogea mbele, kofia mkononi.

"Ni mimi, Madamu," alisema kwa Kichewa cha Kawale. "Baba yake. Mtoto hakujua. Mimi ni seremala. Sikuuliza."

Waliocheka wakacheka zaidi. Mzazi mmoja aliyevaa suti alisema kwa sauti kwamba muda unapotea na watoto wengine wamejiandaa kwa haki. Mulenda alibaki amesimama palepale.

"Sheria ni moja," Madamu Chirwa alisema. "Kilichogandishwa hakihesabiwi. Unajitoa, binti?"

"Hapana, Madamu. Nitajenga na vilivyobaki. Muda uleule."

"Vilivyobaki ni vingapi?"

"Vitatosha."

Havikutosha, na Bora alijua. Kengele ikalia. Akachomoa mota, akachomoa gia na magurudumu, akatoa betri, akauacha ule mwili mkubwa umelala chali kama mtu aliyezimia. Akamwaga mfuko wa akiba. Aliunga mihimili miwili, ikapinda, akaifungua. Aliunga tena. Mulenda aliona kabla yake kwamba pembe ya nyuma imelegea, akafumba mikono yake nyuma ya mgongo akaibana mmoja kwa mwingine hadi vidole vikafa ganzi. Usiguse. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitazama kazi inakwenda vibaya mbele yake na asiishike. Bora akasimama, akavuta pumzi, akafungua pembe ya nyuma, akaipishanisha upya. Tofali likalie kiungo cha mawili.

Kilichotoka kilikuwa kitu kifupi, kipana, cha rangi zisizolingana, chenye magurudumu manne na gia zote uchi. Hakikuwa na kichwa wala mikono. Mvulana wa meza ya jirani aliuliza kama ni kobe.

Kengele ikalia. Pakiti ya chumvi ikaletwa, na hapo shida ikaonekana. Kitu chenyewe hakikuwa na pa kuweka mzigo. Juu kulikuwa na gia tu zinazozunguka, na pakiti ingelalia gia na kuzikwamisha. Vipande vya kutengeneza kitanda cha mzigo vilikuwa vimeganda kwenye kifua cha roboti kubwa.

Bora aliitazama pakiti. Akautazama ule mwili. Mgongo wake ulikuwa na nguzo mbili za pembeni, zilizoachana kwa upana wa mota.

"Madamu, mzigo lazima uwe chumvi?"

"Lazima uwe nusu kilo."

"Naomba mpime hii."

Waliuweka mwili uliogandishwa kwenye mizani ya jikoni waliyopimia pakiti. Ulizidi nusu kilo. Mzazi mwenye suti alisema hapana, hiyo ni sehemu ya roboti, na iliyogandishwa hairuhusiwi.

"Umesema haihesabiwi," Bora akamwambia Madamu Chirwa. Sauti ilikuwa ndogo lakini haikukatika. "Kama haihesabiwi, si roboti tena. Ni mzigo."

Waamuzi wanne waliinamiana. Wakabishana. Mulenda hakuelewa Kiingereza chao cha haraka, alikuwa anatazama vidole vya Madamu Chirwa vinavyogonga miwani. Mwishowe yule mama akasema, "Mzigo ni mzigo. Pakia."

Bora aliulaza mwili juu, nguzo mbili zikakalia mihimili kando ya gia bila kuzigusa, akawasha. Kile kitu kikalia, kikasita, kikaanza kwenda. Kilikwenda polepole mno, kimebeba mgongoni ile roboti kubwa iliyolala na mikono yake imenyooka. Hakuna aliyecheka sasa. Kwenye muungano wa meza mbili palikuwa na ufa, na roboti mbili za mbele zilikuwa zimeangukia hapo. Magurudumu yalifika, yakaingia, yakakwama. Mota ikalia kwa uchungu. Mzigo uliteleza kidogo upande wa kushoto.

"Kwenda," Mulenda alinong'ona. "Kwenda, mama. Kwenda."

Gia ndogo ikaisukuma kubwa. Gurudumu moja likapanda, likafuata la pili. Kikavuka ufa na mzigo wake, kikafika ukingoni, Bora akakipokea kwa mikono miwili.

Madamu Chirwa alivaa miwani. "Baba yako alipaka gundi kwa nini?"

Bora alifikiri. Angeweza kusema mengi, na mengine alikuwa na haki nayo.

"Alitaka isianguke," alisema.

Majina yalitajwa kabla ya jua kushuka. La kwanza, la pili, hadi la tano, yote ya vijana wa fulana. La sita walilitaja vibaya, ikabidi walirudie, na Bora hakunyanyuka mpaka babake alipomsukuma bega. Mulenda alifurahi kiasi cha kusahau kofia yake. Wakiwa ngazini ndipo alipoelewa kwamba mtoto anaondoka nyumbani.

*

Mwalimu Nibigira aliipokea roboti iliyogandishwa kwa mikono miwili, akaizungusha, akajaribu kubandua tofali moja, likakataa. "Nilisema irudi kama ilitoka, mzee," alisema. Mulenda alikitengenezea kituo mabenchi manne badala yake, na mwili ule ukawekwa kuzuia mlango usipigwe na upepo. Kazi hiyo mwili uliiweza.

Bweni la chuo lilikuwa na vyumba, kitanda kila mtu aje na chake. Kwa wiki nzima kabla ya safari nyundo ililia nyuma ya nyumba, na Jeannette akishona alisikiliza bila kwenda kuchungulia. Alijua mbao gani zinapigwa randa.

Asubuhi ya kuondoka kitanda kilikuwa uani, chembamba, cha mtu mmoja, kimesimama. Turubai lilikuwa limekunjwa.

"Fungua," Mulenda alisema.

Bora alicheka. "Papa, gari inakuya."

"Fungua yote, piesi kwa piesi. Alafu ujenge tena mbele yangu. Nijue utaweza kule."

Bora alipiga magoti. Akafungua bolti mpya moja moja, akalaza mbao chini, akaziunganisha tena, akakitikisa kitanda. Hakikulia. Akakifungua mara ya pili, wakazifunga mbao kwa kamba. Jeannette akaleta mfuko alioshona kwa kitambaa cha mabaki, wenye kamba mdomoni. Mulenda alitia bolti mwenyewe. Kisha akaufunga mfuko kwenye mkono wa bintiye, juu kidogo ya kiganja, kwa fundo lile la kuvutwa mara moja likaachia.

"Baba Bora," Jeannette alimtania, sauti imekwisha kulowa, "hii hukuweka kole?"

"Hapana," Mulenda alisema. Pikapu ilikuwa imesimama barabarani, dereva anapiga honi. Akabeba mbao begani akatangulia.